Miguu ya Baridi ya Bwana Tembo

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na mtungi!
Mtungi una nini?
— Una vumbi!
Kalitia nani?
— Kiangazi!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, nikishaanza sitaki kukatizwa. Na wewe mwenye chupa ya maji hapo nyuma, iweke chini. Utakunywa nikimaliza. Ngano hii ukiisikiliza huku unakunywa peke yako utaona aibu, na mimi sitakuonea huruma.

Hapo kale, msiniulize lini, mvua ilikataa nchi ya Nkwaya. Mwaka wa kwanza wanyama wakasema, itakuja. Mwaka wa pili wakasema, imechelewa. Mwaka wa tatu wakanyamaza, maana hata kusema kulikuwa kunakausha koo. Bwawa likawa dimbwi. Dimbwi likawa tope. Tope likapasuka, kwa! kwa! kwa! Mamba akaonekana barabarani ana vumbi mgongoni, anaulizia njia. Mamba, jamani! Ana vumbi! Mimi niliposimuliwa hapo nilishika mdomo, na mpaka leo nikifika hapo naushika. Fisi akaacha kucheka kwa sababu midomo yake ilikuwa imegandana. Bata maji akaangua vifaranga, akawaambia kuna kitu kinaitwa kuogelea, watoto wakamwona mama yao mwongo.

Hali ilikuwa hiyo.

Siku moja Bi Nungunungu, kikongwe wa miiba, alikuwa akitafuta mizizi katika korongo, pale mto ulipokuwa ukipita zamani. Pua yake ikasimama. Akanusa mchanga, fu, fu, fu. Akaita wenzake, akasema, "Chimbeni hapa. Chini kuna maji."

Wakachimba. Ngiri akachimba kwa pembe, kwaru! Pimbi akachimba kwa kucha, kwaru! Kobe akabeba mchanga mgongoni, akaenda kuumwaga, akarudi. Siku ya kwanza, mchanga. Siku ya pili, mchanga. Siku ya tatu, mchanga na jiwe. Bwana Tembo, mwenye pembe mbili na miguu minne mikubwa, alikuwa kivulini tangu asubuhi mpaka jioni. Alisema mgongo unamuuma.

Siku ya saba, chini kabisa, kitu kikasema, to.

Wote wakaacha kuchimba, wakatega masikio.

To. To. To.

Maji! Wanyama wakakumbatiana. Ngiri akalia machozi, Kobe akamkemea asipoteze maji. Na kabla hata mmoja hajalowesha ulimi, wakasikia, gudu! gudu! gudu! Bwana Tembo anakuja mbio. Mgongo umepona! Akawapita, akarukia shimoni, chubwi! Akakaa. Akaweka makalio yake yote juu ya maji, akanyoosha mkonga katikati ya miguu yake, akanywa, fyoooo!

"Asanteni kwa kazi," akasema. "Sasa mimi nitayalinda."

"Unayalinda yasiibwe na nani?" akauliza Ngiri.

"Na nyinyi."

Lo! Nyie hamshangai? Wenzenu walishangaa mpaka wakasahau kufunga midomo.

Akatoka mbele Mama Digidigi, yule swala mdogo kuliko swala wote. Alikuwa amejifungua. Mtoto alikuwa nyuma yake, miguu inatetemeka, hata kusimama hajui vizuri.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Sema shida yako."

Mnasikia? Kasalimiwa, hakuitika! Mama Digidigi akavumilia, akasema, "Mwanangu ana siku tatu. Ziwa limekauka."

"Najua limekauka. Nimepita jana nimeliona."

"Ziwa langu mimi, Bwana Tembo. La kunyonyesha. Nikipata maji kidogo tu, maziwa yatashuka."

Tembo akafikiri. Akajikuna sikio. Akasema, "Mama, tumia akili. Nikigawa sasa, maji yataisha. Mvua ikinyesha, njoo. Siku hiyo nitagawa kwa kila mtu, na wala hakutakuwa na foleni."

Mama Digidigi akamtazama Kobe, Kobe akamtazama Ngiri, Ngiri akatazama mchanga. Mtoto akalala chini palepale.

Sasa pale nyuma alikuwapo Pimbi. Pimbi mnamjua, yule wa kwenye mawe, mfupi, mnene, hana mkia. Pimbi ni mtani wa Tembo. Na nyinyi watoto wa siku hizi mnadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Utani ni haki! Ukifa, mtani wako anakuja msibani kukuigiza ulivyokuwa ukitembea, mbele ya mkeo, na mkeo haruhusiwi kununa. Anaweza hata kulala kaburini mwako akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Na mtani akija kuomba maji ya kuoshea maiti, hanyimwi, hata kama jana mlitoana meno.

Pimbi akaenda ukingoni mwa shimo, akaita, "Ewe gunia la masikio!"

"Ewe panya uliyekosa mkia!" akajibu Tembo, maana utani lazima ujibiwe.

"Mtani, na akifa mtu je? Maji ya kumwosha utatoa?"

"Ya maiti nitatoa. Kwani sisi wanyama?"

"Haya," akasema Pimbi. "Nilikuwa nauliza tu."

Kesho yake asubuhi, kilio. Uwiii! Uwiii! Pimbi anakuja na kibuyu kichwani.

"Nani tena?" akauliza Tembo.

"Kobe! Kobe katutoka!"

"Kobe? Yule aliyemzika babu yangu?"

"Ndiye! Nenda kamwone, kichwa hakipo, miguu haipo, limebaki gamba tu!"

Tembo akashtuka, akajaza kibuyu. Pimbi akakipeleka nyuma ya mwamba, na huko "marehemu" akatoa kichwa, akafungua mdomo. Kobe funda moja, Ngiri funda moja, na Mama Digidigi mafunda matatu. Mtoto akanyonya. Kidogo, lakini akanyonya. Bi Nungunungu ilipofika zamu yake akasema, "Mpeni huyo mama, mimi nitakunywa kesho."

Kesho yake, kilio. Uwiii! Uwiii!

"Nani tena?"

"Ngiri!"

"Lahaula! Ngiri kijana?"

"Alikuwa anakimbia, mkia juu, akaanguka pu!"

Kibuyu kikajaa. Mtoto akanyonya. Bi Nungunungu akasema, "Mpeni huyo mama, mimi nitakunywa kesho."

Kesho yake, kilio.

"Nani tena?"

"Kobe!"

Tembo akakunja paji la uso. "Si alikufa juzi?"

"Huyu ni pacha wake."

"Kobe ana pacha?"

"Wanafanana sana, ndiyo maana hukujua."

Kibuyu kikajaa, lakini nusu. Siku ya nne Pimbi akarudi, uwiii, uwiii, akasema Ngiri kafa tena kwa sababu mara ya kwanza hakufa vizuri. Hapo hata mimi namlaumu Pimbi, alizidisha. Tembo akainua mkonga akapiga maji, paa!

"Msinifanye mjinga! Kuanzia leo sitoi hata tone. Maiti wenu muwapake mchanga. Pasipo na maji watu si wanatayamamu? Mchanga huo hapo, korongo zima."

"Wanatayamamu maji yakikosekana, mtani. Haya yapo, umeyakalia."

"Basi semeni yamekosekana."

Na maji yakakosekana. Siku moja. Siku mbili. Mtoto wa Digidigi akaacha kulia. Nyie wenye watoto mnajua mtoto mwenye njaa akiacha kulia maana yake nini. Mama yake alikuwa akimpulizia puani, puu, puu, apate japo upepo.

Asubuhi ya siku ya tatu walimkuta Bi Nungunungu amelala kwa ubavu. Wakadhani anaigiza. Pimbi akacheka, akasema, "Bibi, wewe ndiye hodari, hata inzi huwafukuzi!" Akamtekenya unyayo. Akamtekenya tena.

Hakuwa anaigiza.

Pimbi, yule mwenye maneno elfu, akakaa chini, neno hakuwa nalo. Alikuwa ameuza kilio cha uongo siku nne, na sasa kilio cha kweli hakina mnunuzi. Akachukua kibuyu. Akaenda kisimani taratibu, bila uwiii, bila matusi ya utani.

"Leo ni pacha wa nani?" akauliza Tembo.

"Ni Bi Nungunungu. Amekufa kweli."

"Mchanga upo."

"Mtani, nakuomba. Maji haya aliyanusa yeye. Bila yeye tusingechimba. Na hakunywa hata funda."

"Aliyanusa?"

"Aliyanusa."

"Basi inamtosha," akasema Tembo, akanywa, fyoooo!

Jamani! Nimeisimulia ngano hii mara ngapi sijui, na neno hilo bado linanipiga kifuani. Inamtosha! Walimpaka mchanga bibi wa watu, wakamzika, na juu ya kaburi lake hakuna aliyemwaga hata tone, wakati kila kaburi hunyunyiziwa maji. Likabaki kavu. Pimbi alisimama hapo mpaka wenzake wote wakaondoka, na alipoondoka hakwenda kwake kwenye mawe. Alimpitia Kobe, akampitia Ngiri, akampitia Mama Digidigi, akawaambia maneno machache.

Kesho yake, jua likiwa utosini na mchanga unaunguza, kilio kikaanza. Uwiii! Uwiii! Mara hii si Pimbi peke yake. Nchi nzima ya Nkwaya ilikuwa inakuja kisimani, mikono kichwani.

"Nani tena?" akauliza Tembo.

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, nani tena?"

Wakaketi kuzunguka shimo kama watu wanavyoketi matangani. Kobe akasema, "Alikuwa mkubwa." Ngiri akasema, "Alikuwa mkubwa sana." Mama Digidigi akasema, "Alale pema," na mtoto wake alikuwa miguuni pake, hatikisiki.

"Nani alikuwa mkubwa? Kifaru?"

Pimbi akasimama. Akavuta masikio yake pande mbili, akaweka kijiti puani kikawa mkonga, akaanza kutembea kwa madaha, gudu, gudu, gudu. Akakaa chini, akajifanya anakunywa, fyoooo! "Mgongo unaniuma!" akasema kwa sauti nene. "Ooh, mgongo wangu!" Watu wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa.

Tembo macho yakamtoka. Mtani anamwigiza! Na mtani humwigiza nani msibani?

"We Pimbi! Acha! Mimi mzima!"

Pimbi akamgeukia Kobe. "Umesikia kitu?"

"Upepo," akasema Kobe.

"Upepo gani! Mimi hapa! Naongea! Ngiri, shikamoo! Kobe, shikamoo!"

Mnaona? Leo anaamkia mwenyewe, na anamwamkia hata Ngiri, mtoto wa juzi! Hakuna aliyeitika. Tembo akaanza kuhema. "Pimbi, mtani wangu, nani kakwambia nimekufa?"

Pimbi akainama ukingoni, akasema kwa huruma, kama anayesema na mgonjwa, "Masikini, wengine hata hawajui. Hebu jibu, mtani. Upo wapi?"

"Shimoni."

"Nani walilichimba?"

"Nyinyi."

"Mtu anayechimbiwa shimo na wenzake akawekwa ndani ni nani?"

Tembo akazitazama kuta za shimo.

"Umetembea lini mara ya mwisho?"

"Si... siku nyingi kidogo."

"Na waliokusalimia, uliwaitikia?"

Tembo akamtupia jicho Mama Digidigi.

"Haya. Nchi nzima hii inaungua. Mimi nyayo zimetoka malengelenge. Ngiri hawezi kusimama mahali pamoja. Hata jiwe lina moto. Sasa jishike miguu yako, mtani. Ina joto?"

Tembo akashusha mkonga ndani ya maji, taratibu, huku anaogopa. Akajishika mguu wa kwanza. Baridi! Akajishika wa pili. Baridi! Wa tatu, baridi, wa nne, baridi! Akajishika makalio. Jamani, barafu!

"Mama yangu weee!" akapiga yowe. "Nimekufa! Nimekufa na sikuambiwa! Pimbi, nimekufa lini?"

"Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuambia."

"Hakuna dawa?"

Pimbi akamtazama Kobe. Kobe akakuna gamba. Pimbi akasema, "Ipo moja. Maiti hatoi jasho. Toka, kimbia mpaka kule Mlima Mweupe. Jasho likikutoka, u mzima, rudi tukupokee kwa vigelegele. Lisipokutoka, endelea kukimbia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka likutoke."

Tembo hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Akajivuta, akajikaza, akang'oka shimoni, pwaa! Akashika njia, gudu! gudu! gudu! vumbi mpaka mawinguni, mawingu yenyewe hayapo.

Wanyama wakakimbilia kisima, wakachungulia. Na hapo ndipo waliposhtuka kushinda siku zote za ukame ule. Maji yalikuwa yanapanda! Bwu! Bwu! Bwu! Yakafika magotini pa Ngiri. Bwu! Bwu! Yakafika shingoni pa Kobe. Chini ya shimo kulikuwa na jicho la chemchemi, pana kama sinia, na Tembo alikuwa ameliziba kwa makalio yake. Maji aliyokuwa akiyanywa yeye ni yale yaliyokuwa yakipenya pembeni. Siku zote zile alikuwa akilinda matone na amekalia mto. Yeye mwenyewe hakujua! Angesimama tu, jamani. Angesimama mara moja tu, ajinyooshe.

Hakuna aliyecheka. Ngiri alikaa chini kwenye maji, akawa anatikisa kichwa, anasema, "Alikuwa ameyaziba. Alikuwa ameyaziba."

Mama Digidigi akanywa. Akanywa, akanywa, akanywa, akamtia mwanawe maji puani, akamtia maji mdomoni, akamlamba, akampiga kwa pua. Mtoto kimya. Akampiga tena. Watu wote wamemtumbulia macho. Ndipo mtoto akapiga chafya, chya! Akatafuta ziwa la mama yake, akalipata, akang'ang'ania.

Pimbi hakuwa amekunywa. Alijaza kibuyu mpaka mdomoni, akakiweka kichwani, akapanda kwenda kwenye kaburi lile kavu. Akakimwaga chote. Akarudi akajaza kingine, akakimwaga. Kobe akamwambia, "Pimbi, imetosha, kunywa na wewe." Pimbi akasema, "Niache, hajanywa siku saba."

Na Bwana Tembo? Tembo alifika Mlima Mweupe, akajishika: mkavu. Akaupita. Akajishika: mkavu. Ngozi ya tembo haitoi jasho, haijapata kutoa tangu iumbwe, ila mwenyewe hajui, na Pimbi alijua. Ndiyo maana mpaka leo mnamwona anatembea mchana na usiku, anavuka nchi na nchi, anapepea masikio na kujipangusa kwa mkonga. Anatafuta jasho. Ukikutana naye akakuuliza kama yu hai, pita kimya kimya.

Sasa funzo. Nyamazeni, funzo ndilo mtakaloulizwa nyumbani. Funzo la ngano hii ni kwamba wenzako wakichimba kisima, wewe uumwe mgongo. Maji yakitoka, pona. Kikalie, na ukikalie vizuri, usije ukasimama hata mara moja, maana ukisimama maji yatakuwa mengi, na yakiwa mengi nani atakuheshimu? Wakikuamkia usiitike. Mwenye mtoto mchanga mwambie asubiri masika. Ila nawaomba kitu kimoja tu, msiwe na mtani.

Ngano yangu imekauka hapa. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, nirudishieni nikamwagilie mchicha. Na wewe wa huko nyuma, sasa unaweza kunywa. Lakini kwanza mpe jirani yako.